Vidonge vya damu vilivyogoma: kisa cha mama mmoja wa Busia

Mgonjwa ni mama wa miaka 34, ana watoto 4, na anauza nguo za mitumba mjini Busia, upande wa Uganda. Yote yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Alifika kliniki akilalamikia mambo yale yale yaliyomsumbua miezi miwili nyuma: uchovu usioisha hata akilala, moyo kwenda mbio akibeba mzigo wa nguo, kizunguzungu akiinuka ghafla, na hamu ya kutafuna odowa, ule udongo mgumu unaouzwa sokoni kwa vipande. Hiyo hamu ya udongo hakuitaja mwenyewe. Niliiuliza, akacheka, akafungua mkoba akanionyesha kipande.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshapimwa kwingine, akakutwa na damu 8.4, yaani gramu za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afikishe 12. Akiwa kati ya 8 na 10.9 tunasema upungufu wake ni wa wastani, na chini ya 8 ni mkali. Walimpa vidonge 90 vya ferasi salfeti, yaani chumvi ya chuma, vile vyekundu vya miligramu 200, ameze kimoja mara 3 kwa siku kwa mwezi mmoja. Aliporudi kupimwa damu ilikuwa 8.6. Akaenda duka la dawa, akaambiwa vidonge vya bure havina nguvu, akauziwa chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu. Jirani naye akamletea juisi ya bitiruti. Alipoketi mbele yangu alikuwa na 8.5.

"Musawo," yaani daktari, alisema akiiweka bahasha ya khaki mezani, "hizi dawa zenu za damu ni chaki."

Kwa mtazamo wangu hazikuwa chaki. Hali hii naikuta mara nyingi, na karibu kila mara hatua ya kwanza ya mgonjwa, na ya baadhi yetu pia, huwa kuongeza: vidonge viwili badala ya kimoja, chupa juu ya vidonge, sindano juu ya chupa. Kabla ya kuongeza chochote mimi hukifuata kidonge tangu kinapotoka kwenye bahasha hadi kinapofika tumboni, kisha nauliza damu yenyewe inakwenda wapi.

Ndani ya bahasha

Juu ya bahasha palikuwa na maandishi ya kalamu: "Fe 1x3", yaani chuma, kimoja mara 3. Basi. Hapakuwa na neno juu ya chai, wala chakula, wala choo. Nikamwomba ruhusa nivimimine vidonge kwenye sinia na kuvihesabu. Vilibaki 47 kati ya 90, ingawa mwezi wa dozi ulikuwa umepita zamani. Kwa hiyo vilivyomezwa ni 43, dozi ya wiki mbili hivi, vikiwa vimetawanywa katika miezi miwili.

Nilimuuliza anamezaje, si kama anameza. Ukiuliza "unameza dawa?" kila mtu atasema ndiyo. Ukiuliza "jana ulikimeza saa ngapi, na nini?" ndipo habari inapoanza kutoka. Mama huyu anaondoka nyumbani alfajiri, anapanga nguo, na saa mbili asubuhi analetewa kikombe cha chai ya maziwa na chapati pale pale mezani pake. Hapo ndipo alipomezea dawa. Tena alimeza vyote vitatu kwa mpigo, kwa sababu mchana wateja hawampi nafasi na jioni anasahau. Vikamchoma tumbo. Akanunua vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, akawa anavitafuna mara tu baada ya dawa ya damu. Siku chache baadaye akaona choo cheusi, akaogopa kwamba anavuja damu ndani, akaacha wiki nzima. Akarudia. Tumbo likafunga. Akaacha tena.

Hakuna uzembe hapo. Huyu ni mtu anayejaribu kumeza dawa katikati ya kazi bila mtu aliyemweleza. Tuchukue kila jambo kwa zamu yake.

Chai kwanza, kwa sababu ndiyo iliyoiba zaidi. Tanini zilizo ndani ya chai hushikana na chuma tumboni kikashindwa kupita kwenye ukuta wa utumbo. Kahawa nayo ni hivyo hivyo, na kiasi kinachofyonzwa kinaweza kushuka kwa nusu au zaidi. Maziwa yanaongeza kalsiamu, ambayo nayo inazuia chuma. Chapati ya unga wa ngano ina vizuizi vyake. Kwa ufupi, kidonge chake kilikuwa kinakutana na karibu kila kitu ambacho hakitakiwi kukutana nacho. Magnesiamu ikamalizia: chuma kinahitaji asidi ya tumbo ili kiyeyuke vizuri, na dawa za kuzima asidi zinaiondoa asidi hiyo hiyo. Omeprazoli nayo hufanya hivyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Na udongo anaoutafuna mchana kutwa nao una uwezo wa kunasa chuma. Watu huchukulia odowa, au emumbwa kwa wanaotumia ule wa mitishamba, kuwa tabia ya wajawazito tu. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, kisha inaurefusha upungufu ule ule.

Vitatu kwa mpigo

Kipimo cha kimoja mara 3 kimezoeleka vituoni kwa miaka mingi na aliyekiandika hakutoa dawa ya hatari. Ila uelewa wetu wa jinsi mwili unavyopokea chuma umebadilika. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini. Kazi yake ni kama ya afisa wa forodha hapa mpakani: malori yakiwa mengi, anateremsha kizuizi. Ukimeza miligramu 60 au zaidi za chuma halisi, yaani chuma chenyewe bila chumvi iliyokibeba, hepsidini hupanda na kubaki juu kwa takriban saa 24, na dozi inayofuata ndani ya muda huo hufyonzwa kidogo. Utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa 2017, kwa wanawake waliokuwa na akiba ndogo ya chuma, ulionyesha kwamba waliomeza siku moja na kuruka moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila dozi kuliko waliomeza kila siku. Na kuigawa dozi ya siku mara mbili hakukuleta faida. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza ya 2021 inataka mtu mzima aanze na kidonge kimoja kwa siku, na kama kinamsumbua ameze siku moja na kuruka moja.

Chuma ambacho hakikufyonzwa hakipotei. Kinabaki utumboni, kinachoma, kinafunga choo au kukilegeza, na kukifanya cheusi. Kwa hiyo anayemeza vitatu ili apone haraka hupata maumivu zaidi kuliko damu, na maumivu ndiyo yanayomfanya aache.

Angalizo moja hapa, kwa sababu najua habari ya "kimoja kinatosha" itasambaa: mjamzito mwenye upungufu wa damu asijipunguzie dozi kwa kusoma kisa cha mtu asiye mjamzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kila siku kwa wajawazito wote, na 120 kwa siku kwa mjamzito ambaye damu imeshashuka, hadi ipande. Wake ni mpango tofauti, na saa haimsubiri.

Nikasoma na chupa aliyouziwa. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye dawa nyingi za chuma ni uzito wa chumvi nzima, si wa chuma kilichomo. Ferasi salfeti ya miligramu 200 ina chuma halisi cha 65 hivi. Ferasi fumareti ya 200 inalingana nayo. Ferasi glukoneti ya 300 ina 35 tu. Mtu anayechanganya vidonge na chupa hajui jumla yake ni ngapi. Nilimwambia aiweke chupa pembeni. Bitiruti nilimwachia, ni tamu, haimdhuru, ila rangi yake nyekundu haina uhusiano wowote na damu. Kwa pesa ile ile mukene, yaani dagaa, wangemfaa zaidi, na mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati zikikamuliwa ndimu. Vitamini C husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Kwa vidonge faida yake imeonekana kuwa ndogo, basi asijione amekosa tiba kwa kukosa chungwa.

Damu inakwenda wapi

Hata kama angemeza kila kidonge sawasawa, bado pangebaki swali ambalo bahasha haiwezi kulijibu. Nilimuuliza kuhusu hedhi. Zamani ilikuwa siku 4. Tangu awekewe kitanzi cha shaba baada ya mtoto wa mwisho, ambaye sasa ana miaka 2, inakwenda siku 8, ina mabonge, na siku za mwanzo pedi haimalizi saa mbili. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuona kwamba uzazi wa mpango na kizunguzungu ni habari moja. Kitanzi cha shaba ni njia nzuri na wanawake wengi wanakaa nacho bila shida. Lakini kinajulikana kuzidisha hedhi, na kwa wengine hali hiyo haitulii.

Vipimo tulivyoweza kufanya pale pale: malaria hakuna, mimba hakuna, mayai ya minyoo hayakuonekana kwenye choo. Kipimo cha selimundu hakikuonyesha kitu. Hiki sikiachi kamwe, maana Uganda ina wagonjwa wengi wa selimundu, na upungufu wao wa damu hautokani na kukosa chuma. Wanaoongezewa damu mara kwa mara wanaweza kuwa na chuma kupita kiasi tayari. Kwenye darubini seli zake nyekundu zilikuwa ndogo na zimepauka. Kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, kingethibitisha moja kwa moja, lakini kinatumwa mbali na bei yake ni kubwa kwake. Tukakubaliana kwamba tiba yenyewe iwe kipimo: ikiwa tatizo ni chuma, damu itapanda gramu 1 hadi 2 kwa mwezi. Isipopanda, tunaanza upya kutafuta.

Kwa kuwa hakumbuki alikunywa lini dawa ya minyoo, na msimu wa kulima hushika jembe peku kijijini, nilimpa albendazoli ya miligramu 400 mara moja.

Mpango

Hatukuanza na dawa. Tulianza na siku yake. Huamka saa kumi na moja alfajiri, na chai haigusi mpaka saa mbili. Pengo hilo la saa tatu lilikuwa limekaa bure. Basi: kidonge kimoja, alfajiri, na maji matupu, kabla hajatoka. Kama tumbo linakataa, ale ndizi mbivu moja, si chai wala maziwa. Ikiendelea kumsumbua, siku moja ameze, siku moja apumzike. Kuruka siku kwa mpango ni bora kuliko kuacha kwa kuchoka. Magnesiamu aiache, na kwa kuwa hamezi tena vitatu pamoja, huenda asiihitaji kabisa. Anywe maji ya kutosha, ale maembe na mboga, choo kilainike.

Choo cheusi tulikizungumza kwa kirefu, maana ndicho kilichomtisha. Cheusi au kijani kibichi, kigumu au cha kawaida, ni chuma kilichobaki, hakina neno. Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya isivyo kawaida, hasa kikija na maumivu makali ya tumbo au kutapika damu, hicho ni cha kukimbiza hospitali. Nilimwomba anieleze tena mwenyewe tofauti ya viwili hivyo. Akaieleza, kwa maneno makali kuliko yangu.

Kuhusu kitanzi, nilimwandikia aende kliniki ya uzazi wa mpango. Uamuzi ni wake. Alirudi akiwa ameamua kitolewe na kuanza sindano ya kila miezi 3, ambayo kwa wengi hupunguza hedhi au kuisimamisha kwa muda.

Kuna swali moja ninalomuuliza kila anayepewa chuma, kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa: kuna dawa nyingine yoyote unayomeza, hata ile usiyopenda kuitaja? Siprofloksasini na doksisaiklini, antibiotiki ambazo huku watu hujinunulia wenyewe, hushikana na chuma na kupoteza nguvu. Zitenganishwe kwa saa kadhaa. Dawa ya tezi ya koo nayo ni hivyo. Inayonipa wasiwasi zaidi ni dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha virusi vya UKIMWI kinachomezwa na watu wengi Uganda. Ikimezwa pamoja na chuma tumbo likiwa tupu, kiasi kinachoingia mwilini hupungua. Suluhisho ni jepesi: ama vyote viwili vimezwe pamoja na chakula, ama dolutegraviri itangulie kwa saa 2 au ifuate saa 6 baada ya chuma. Lakini mtu hawezi kuambiwa hivyo dirishani huku foleni ikisikiliza. Kwa mama huyu jibu lilikuwa hapana.

Mtoto na vidonge vyekundu

Wakati tunazungumza, yule mtoto wa miaka 2 alikuwa amesimama kando ya sinia. Alichukua kidonge, akakilamba, akakirudisha kikiwa kimepauka upande mmoja ambapo rangi na sukari vimetoka. Akachukua cha pili. Mama yake akamfinya kidogo na kusema, "Anavipenda, anadhani ni switi." Nyumbani bahasha hukaa ndani ya mkoba, na mkoba hukaa sakafuni.

Hapa niliacha habari nyingine zote. Mtoto huyo ana kilo 11. Chuma halisi kinaanza kuleta sumu kikifika kama miligramu 20 kwa kila kilo. Kwake ni 220, yaani vidonge visivyozidi 4. Kuanzia 60 kwa kilo ni sumu kali inayoweza kuua, na kwake hiyo ni vidonge 10 hivi. Bahasha ilikuwa na 47.

Mtoto aliyemeza vidonge vingi hutapika, huharisha, wakati mwingine na damu, ndani ya saa chache. Kisha huja kipindi cha hila: kati ya saa 6 na 24 anaweza kutulia, akacheza, wazazi wakasema amepona. Baada ya hapo ndipo mshtuko na kuharibika kwa ini hufuata. Kwa hiyo hatusubiri dalili. Usimtapishe, usimpe maziwa ukaona umemaliza. Hata mkaa wa dawa unaotumika kwa sumu nyingine haukamati chuma. Panda boda uende hospitali, na ubebe bahasha, ili wahesabu vilivyobaki. Dawa ya kunasa chuma kwenye damu ipo, lakini hutolewa hospitali.

Mama aliuliza kama kimoja tu kwa wiki kingemfaa mtoto, naye aongeze damu. Swali halikuwa la ajabu. Utafiti wa Demografia na Afya wa Uganda wa 2016 ulikuta 53% ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na 32% ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Lakini dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo, na kwa nchi zenye malaria kuna tahadhari tuliyojifunza kwa gharama: utafiti mkubwa uliofanywa Pemba na kuchapishwa 2006 ulionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa na kufa zaidi kuliko ambao hawakupewa. Tangu hapo ushauri ni kwamba mahali penye malaria, chuma cha mtoto kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Tukampima mtoto, damu yake ilikuwa 11.2, inayomtosha kwa umri wake. Hakupewa kitu. Alipewa chandarua.

Vile 47 tulivihamishia kwenye kopo lenye kifuniko cha kusukuma na kuzungusha. Mama alichagua mahali: juu ya kabati, nyuma ya Msahafu, ambako mtoto hafiki na yeye hupaangalia kila alfajiri.

Baada ya hapo

Wiki ya nne damu ilikuwa 10.0. Uchovu ulikuwa umepungua hata kabla ya hapo, na hamu ya udongo ilimtoka bila kuambiwa aache, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapoliona. Wiki ya nane 11.3. Wiki ya kumi na mbili 12.4, na hedhi ilikuwa matone tu. Katikati alinipigia simu mara moja kusema tumbo linachoma; tukamwambia ameze siku moja na kuruka moja kwa muda, kisha akarudi kila siku mwenyewe.

Alipofika 12.4 alitaka kuacha, na wengi huacha hapo. Damu imejaa lakini akiba haijajaa. Ukiishia hapo, hedhi chache nzito au mimba moja zinakurudisha ulikotoka. Anaendelea kwa miezi 3 zaidi, kidonge hicho hicho, saa hiyo hiyo. Angekuwa na damu chini ya 7, au anahema akiwa amekaa, au maumivu ya kifua, au mimba iliyokaribia kujifungua, tusingekuwa tunazungumzia vidonge. Angepelekwa hospitali kwa chuma cha kwenye mshipa au kuongezewa damu.

Tarehe ya kuacha imeandikwa juu ya kopo. Miezi mitatu baada ya tarehe hiyo atapimwa tena bila dawa. Ikishuka, hatutaandika vidonge vingine 90. Tutatafuta panapovuja, kwanza kwenye kizazi, kisha tumboni.